Chupa ya Wino Kando ya Chupa za Dawa

Mama yangu alikuwa mshonaji. Mwaka ambao baba alilala kitandani asiinuke tena, cherehani ilihamishiwa chumbani kwake, ikawekwa chini ya dirisha, hatua mbili kutoka kitanda chake. Usiku nilikuwa nikisikia mguu wa mama ukikanyaga, cherehani ikiunguruma, kisha kimya. Anampa baba maji, anamgeuza ubavu. Halafu mguu tena. Kukipambazuka, sare za shule za watoto wa watu zilikuwa zimekunjwa mezani, zimepangwa kando ya dawa. Majirani walisema mama ana moyo mgumu. Mume anaumwa, yeye anashona!

Maneno hayo niliyabeba miaka mingi, na sikupata wa kunisaidia kuyajibu mpaka nilipokutana na mtu aliyefariki London mwaka 1882. Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta. Alitunga riwaya 47, na katika tawasifu yake ameandika juu ya mama yake mzazi kwamba chumbani mwake chupa za dawa na chupa ya wino zilikuwa na nafasi sawa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikakaa nacho mapajani. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba Trollope ni mwandishi wa saa na hesabu, mtu aliyepima riwaya kama mpima nguo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba saa ile ilitoka katika chumba cha wagonjwa.

Alizaliwa London tarehe 24 Aprili 1815. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye akili nyingi na hasira nyingi zaidi, mtu aliyegombana na wateja hadi wakamkimbia. Akaacha sheria, akakodi shamba karibu na Harrow ilhali kilimo hakukijua, na jioni akawa anatunga kamusi kubwa ya mambo ya kanisa ambayo hakuimaliza. Harrow ilikuwa na shule ya watoto wa wakubwa. Anthony alisoma pale kama mwanafunzi wa kutwa, akitembea kila siku kwenye vichochoro vya matope, na kuingia darasani mchafu miongoni mwa watoto wa mabwana. Siku moja mwalimu mkuu alimsimamisha njiani akamuuliza kama kweli shule ya Harrow inaweza kuaibishwa na mvulana mchafu kiasi hicho. Hakuwa na rafiki. Alipohamishiwa Winchester mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu ada haikulipwa, wenye maduka wakaambiwa wasimpe kitu, na wanafunzi wote wakajua. Ameandika kwamba alikuwa akiutazama mnara wa shule na kujiuliza kama asipande juu, akakomesha yote.

Wakati huo mama hakuwepo. Mwaka 1827 Frances Trollope, ambaye watu walimwita Fanny, alivuka bahari kwenda Marekani na watoto watatu, akitafuta namna ya kuiokoa familia. Alifungua duka kubwa la bidhaa za madoido katika mji wa Cincinnati. Duka likafa na fedha zote zikaenda nalo. Alirudi mwaka 1831 bila senti, lakini na daftari zilizojaa aliyoyaona. Mwaka 1832 akachapisha kitabu juu ya desturi za Wamarekani, nao Wamarekani wakakasirika sana, na Uingereza yote ikakinunua. Alikuwa na miaka 53 na hajawahi kuchapisha kitabu. Tangu hapo hakuacha, na alipokufa alikuwa ameacha majuzuu 114.

Kitabu kimoja hakikutosha kuzima madeni ya mumewe. Siku moja mwaka 1834 Anthony, kijana wa miaka 19 hivi, aliambiwa ampeleke baba London kwa kigari cha farasi. Walipokuwa njiani ndipo alipoelezwa kwamba baba anakwenda kupanda meli ya kwenda Ostend, Ubelgiji, awakimbie wadai. Aliporudi nyumbani alikuta maofisa wa mahakama wamekwisha ingia, wanahesabu vitu. Dada zake na watoto wa jirani walikuwa wakipitisha vitu kupitia pengo la ua: vikombe, vijiko vya fedha, vitabu vichache, chochote ambacho mama alikipenda na mikono midogo iliweza kukibeba. Mandhari hiyo ya ua siwezi kuisahau. Katika kitabu kizima ni mahali pachache ambapo Trollope anaonekana kama mtoto mwenye furaha, akiiba vitu vyao wenyewe.

Familia ikahamia Bruges, Ubelgiji. Hapo ndipo chupa za dawa zilipoanza. Mwana mmoja, Henry, alikuwa na kifua kikuu. Binti mdogo, Emily, naye akaanza kudhoofika. Baba mwenyewe alikuwa amekwisha. Chakula cha nyumba nzima kilitegemea kalamu ya mama, na riwaya alizouza zilikuwa za kuchekesha. Fikiria hilo: usiku yuko kando ya mwanawe anayekufa, na karatasi ikimtaka aandike mzaha. Henry alikufa Desemba 1834, baba akafuata mwaka 1835, Emily mwanzoni mwa 1836. Vitabu vikaendelea kutoka. Anthony ameandika kwamba yeye ametunga riwaya nyingi katika hali nyingi, ila ana shaka kama angeweza kutunga hata moja moyo wake wote ukiwa kando ya kitanda cha mwana anayekufa. Anasema pia kwamba mama alikuwa mezani pake saa kumi alfajiri, na dunia ilipoamka yeye alikuwa amemaliza kazi ya siku.

Saa kumi alfajiri. Mama yangu naye alipenda saa hiyo. Alikuwa akisema uzi hauna mzozo kabla ya jogoo.

Kazi ya posta Anthony aliipata mwishoni mwa 1834 kwa kujuana, kama ilivyokuwa desturi. Mtihani wenyewe ulikuwa kunakili mistari ya gazeti kwa kalamu ya unyoya. Aliijaza karatasi matone ya wino na tahajia mbovu. Akaambiwa arudi kesho na mwandiko mzuri. Usiku akakesha akinakili kurasa za historia ya Roma kwa uangalifu mkubwa, na asubuhi hakuna aliyeziangalia, akaonyeshwa meza akae. Mshahara ulikuwa pauni 90 kwa mwaka. Miaka saba iliyofuata alikuwa karani wa ovyo: mchelewaji, mwenye madeni, anayegombana na wakubwa. Deni la fundi wa nguo la pauni 12 liliingia mikononi mwa mkopeshaji wa riba, na kabla halijaisha lilikuwa limemla zaidi ya pauni 200. Mkopeshaji huyo alikuwa akija hadi ofisini, anasimama nyuma ya kiti chake na kumsihi awe mtu wa kutimiza ahadi kwa wakati.

Ireland ndiyo iliyombadilisha. Mwaka 1841 ilitoka nafasi ya karani wa mkaguzi wa posta huko magharibi, nafasi ambayo wenzake waliidharau, naye akaiomba. Mkubwa wake wa London aliandika mbele barua ya kumsema vibaya. Yule wa Ireland akamwambia kijana kwamba atampima kwa kazi yake. Ilikuwa kama kufungua dirisha. Alifika Banagher, akanunua farasi, akajifunza kuwinda, na katika mwaka mmoja akawa mtumishi ambaye posta haikuweza kumkosa. Kazi yake ilikuwa kupanga njia za tarishi wa vijijini, wale waliotembea kwa miguu na mfuko begani. Sheria ilisema mtu asitembezwe zaidi ya maili 16 kwa siku, na Trollope alizipima njia hizo mwenyewe juu ya farasi, akigonga milango ya wakulima na makasisi kuuliza barua zao hufika lini na nani anawatoza senti ya ziada. Ndoto yake, ameandika, ilikuwa kuitandaza nchi yote kwa wapeleka barua. Baadaye alipotumwa visiwa vya Jersey na Guernsey aliona kwamba watu hawana pa kutia barua bila kwenda hadi posta. Akapendekeza masanduku ya chuma barabarani, kama aliyosikia yanatumika Ufaransa. Ya kwanza yalisimamishwa Jersey Novemba 1852. Kila anayetia barua katika sanduku la mtaani nchini Uingereza anatumia pendekezo la mtunga riwaya.

Mwaka 1844 alimuoa Rose Heseltine, na karibu wakati huohuo akawa anaandika riwaya ya kwanza. Muswada alimkabidhi mama yake, ampelekee mchapishaji London. Walikubaliana kwamba ni bora mama asiusome kwanza. Anthony aliona nyusoni mwa jamaa zake kwamba hakuna aliyemtazamia yeye kuwa mwandishi. Mama alikuwa mwandishi, kaka yake Tom naye alikuwa amekwisha anza, na huyu ndiye mtoto aliyeshindwa shule. Riwaya ikatoka 1847 na hakuna aliyeisema. Ya pili, mwaka uliofuata, ilichapwa nakala 375 zikauzwa 140. Ameeleza haya bila uchungu wowote. Alikuwa amezoea kutotazamiwa.

Kisha siku moja ya kiangazi akiwa kwenye ziara za posta kusini mwa Uingereza alipita Salisbury, akazunguka kanisa kuu jioni, na hapo likamjia wazo la kitabu ninachokipenda kuliko vyote alivyoandika, *The Warden*, yaani msimamizi, kilichotoka 1855.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo lenyewe, kwa sababu neno tunalo: ni kisa cha wakfu. Mfanyabiashara wa sufu wa karne ya 15 aliacha mali yake itunze wazee 12 waliochoka na kazi. Karne zikapita, ardhi ikapanda thamani. Wazee wanaendelea kupata posho ileile ndogo ya kila siku, na msimamizi, kasisi mpole aitwaye Bwana Harding, anapata pauni 800 kwa mwaka na nyumba yenye bustani. Hakuiba. Alikuta mambo hivyo, tena anawaongezea wazee kidogo kutoka mfukoni mwake. Kijana mmoja mpenda haki, ambaye pia anampenda binti wa Bwana Harding, anauliza hadharani: mali ya marehemu ni ya nani? Gazeti kubwa linaidaka habari. Shemasi mkuu, mkwe wa Bwana Harding, anajiandaa kwa vita vya kisheria, na ana hakika ya ushindi.

Mwandishi mwingine angeandika hapa kitabu cha hasira. Trollope alimtazama yule mzee. Bwana Harding anaweza kushinda kesi, wanasheria wanamwambia hivyo. Swali linalomnyima usingizi ni jingine: je, gazeti linasema kweli? Je, ninakula cha wazee? Anatoroka kwenda London kumwona mwanasheria mkuu wa serikali, anajificha kutwa nzima katika kanisa la Westminster ili mkwewe asimpate, na usiku anasimama mbele ya yule bwana mkubwa na kusema anajiuzulu. Anapoyasema mikono yake inaanza kupiga selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, isiyokuwepo. Ni mazoea yake: akiwa na wasiwasi hupiga selo ya hewani, polepole, chini ya meza, pasipo mtu kuona. Safari hii anaipiga kwa nguvu zote, mkono unapanda na kushuka, na mwanasheria anamtazama akidhani amepata wazimu. Anaondoka akiwa na parokia ya pauni 75 kwa mwaka. Wazee waliodanganywa kwamba watapata pauni 100 kila mmoja wanapoteza hata ile nyongeza yake. Hakuna anayeletwa mahali pake. Mmoja mmoja wanakufa, bustani inaota magugu.

Nimekisoma kitabu hicho mara nne na bado sijui nani alikuwa na haki. Naamini Trollope alitaka iwe hivyo. Alimheshimu kijana aliyeuliza swali, na alimpenda mzee aliyeumizwa nalo, wala hakukubali kumtoa mmoja kafara kwa ajili ya mwingine. Jambo jingine la kushangaza: hakuwa na urafiki na makasisi wa makanisa makuu. Yule shemasi mkuu, ambaye wasomaji waliapa amechorwa kutoka kwa mtu halisi, alimtoa kichwani tu. Malipo yake kwa mwaka wa kwanza yalikuwa pauni 9 na ushei.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. *Barchester Towers* ikaja mwaka 1857, *Doctor Thorne* mwaka 1858, na mwaka 1860 gazeti jipya la mtunga riwaya Thackeray likaanza kutoa *Framley Parsonage* kwa mafungu, kwa malipo ya pauni 1,000. Wakati wote huo alikuwa bado mtumishi wa posta. Aliandika ndani ya treni, ubao mdogo magotini na penseli mkononi, na Rose akanakili usiku kwa wino. Alipotumwa Misri kupatana na serikali ya huko juu ya kusafirisha barua, aliandika melini, akiacha karatasi mezani mara kwa mara kukimbilia kutapika, kisha akirudi. *Doctor Thorne* alipoimaliza, kesho yake akaanza kitabu kingine.

Na saa. Huko Waltham Cross, alikohamia mwaka 1859, alimlipa mtunza farasi wake mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe kila siku na kahawa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani. Nusu saa ya kwanza alisoma alichoandika jana, akisikiliza sauti ya maneno. Halafu aliweka saa mbele yake, akaandika maneno 250 kila robo saa. Alikuwa na daftari la kuandikia kurasa za kila siku, ili siku ya uvivu imtazame usoni. Amesema kwamba hakuna mtu anayemdai shukrani nyingi kuliko yule mtunza farasi.

Haya yote aliyaeleza mwenyewe katika tawasifu aliyomwachia mwanawe aichapishe baada ya kifo chake. Ilitoka 1883, na mwishoni mwake kulikuwa na orodha ya vitabu vyote na fedha alizopata, jumla pauni 68,939, shilingi 17 na senti 5. Aliandika pia kwamba mtunzi hana sababu ya kungoja roho imshukie kuliko fundi viatu, na kwamba msaada mkubwa kuliko wote ni kipande cha nta ya fundi viatu kwenye kiti, kimnatishe asiinuke. Wengi hawakumsamehe. Walisema sasa tumejua, hakuwa na moyo, alikuwa na saa. Kwa miaka mingi jina lake lilishuka. Jiwe la kumkumbuka katika kona ya washairi ya Westminster liliwekwa mwaka 1993, miaka 111 baada ya kifo chake.

Walionuna waliruka ukurasa mmoja wa kitabu hichohicho. Humo anasimulia alivyokuwa akijitenga na watu milimani na msituni, akilia kwa huzuni za watu aliowatunga, akicheka upuuzi wao, akifurahi furaha yao. Saa ilikuwa ya mkono. Kilio kilikuwa kimekwisha tangulia huko porini. Mama yangu naye sikumwona akilia mbele ya cherehani, na majirani walihesabu hilo. Nilimwona uani, anaanua nguo, ameegemea kamba.

Miaka yake ya mwisho nitaipita haraka. Aliacha posta mwaka 1867, akiwa amenyimwa cheo alichostahili. Mwaka 1868 akagombea ubunge mji wa Beverley, akatumia pauni 2,000 na kuwa wa mwisho, na mji wenyewe ukaja kunyang'anywa kiti kwa sababu ya rushwa. Kutokana na uchungu wa nyakati hizo akaandika *The Way We Live Now*, kitabu kirefu juu ya tapeli wa fedha anayeinamiwa na London yote. Wapo wanaokiita bora kuliko vyote. Ni kikubwa kweli, lakini mimi bado naenda kwa Bwana Harding. Novemba 1882, jioni, familia ikisomewa kitabu cha kuchekesha, Trollope alikuwa anacheka na wenzake, kisha ikaonekana hacheki tena. Alikuwa amepatwa na kiharusi. Alikufa tarehe 6 Desemba.

Fanny alikuwa ametangulia, mwaka 1863, huko Florence. Miaka mitatu baadaye, Anthony akiandika *The Last Chronicle of Barset*, ilimbidi amuage Bwana Harding. Mzee amedhoofika, hawezi tena kupiga selo. Imefungwa sandukuni chumbani mwake. Pengine hudhani hakuna anayesikia, anafungua sanduku kidogo, anagusa uzi mmoja, na binti yake chumba cha pili anasikia mlio mmoja wa chini, wa huzuni, kisha kifuniko kinafungwa. Hakuna fujo wala hotuba. Mzee anazimika kama alivyoishi, akiomba radhi karibu kwa kila mtu.

Hayo aliyaandika asubuhi, kabla hajavaa, kahawa ikiwa imeletwa, saa ikiwa mezani. Ilipofika saa mbili na nusu aliziweka karatasi pembeni, akashuka kula. Posta ilikuwa ikimngoja.